Shangazi Agombea Ubunge, Mumewe Upande wa Pili

Siku hizi uchaguzi unapita kama mgeni aliyekataa hata kukaa. Simu inatetemeka mfukoni, unaona picha ya kijana kavaa suti, anakuomba kura, basi. Zamani haikuwa hivyo. Jimbo letu lile la zamani, kabla hawajalikata vipande viwili, uchaguzi ukikaribia lilikuwa halilali wala halifanyi kazi. Fundi viatu anashika kiatu chako wiki nzima kwa sababu ya ubishi. Watu wa nyumba moja wananuniana. Na juu ya yote hayo, tangu asubuhi mpaka jua linazama, unasikia sauti ya Honi.

Honi alikuwa mume wa shangazi yangu, dada yake baba. Jina lake halisi nadhani hata msikiti na kanisa walikuwa wamelisahau. Kazi yake ilikuwa kutangaza: misiba, mipira, mikutano, mtoto aliyepotea sokoni. Alikuwa na vipaza sauti viwili vya kufunga juu ya gari, na sauti ambayo haikuvihitaji. Shangazi yeye alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani, na mji mzima ulimwita Fundi, hata mumewe. Mimi nilihamia kwao nilipopata ukarani wa posta, kwa kuwa vijana wao walikuwa wameshaondoka na chumba kilikuwa kitupu.

Wabunge wa jimbo lile unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mkuu, aliyepita bila kupingwa. Wanasema walipomfuata darasani kumwambia kwamba ameshakuwa mbunge, alimaliza kwanza kuandika sentensi ubaoni, akawaambia watoto wainakili, ndipo akageuka kupokea pongezi. Akaja Daktari. Huyo alikuwa ametibu nusu ya mji, nani angemnyima kura? Lakini akishaapishwa haonekani. Watu wakawa wanasema, alipokuwa daktari tulimwona tukiugua, sasa ni mbunge hatumwoni hata tukifa. Baada yake ndipo akaja Mzee Daraja, na huyo akakaa sana.

Mzee Daraja alikuwa na malori, kicheko kikubwa na mkono mwepesi wa kushika mabega ya watu. Jina hilo alipewa kwa sababu kila uchaguzi aliahidi daraja la mtoni. Na si maneno matupu, maana wapimaji walikuja kweli na vyombo vyao, wakachomeka vigingi kingo zote mbili za mto, watu wakapiga makofi. Uchaguzi ukiisha vigingi vinageuka kuni. Ukija mwingine, vinachomekwa vipya. Mtu unacheka, unamsema, halafu unampigia kura, kwa kuwa msiba ukikupata lori lake ndilo la kwanza kufika mlangoni. Na mtangazaji wake, kampeni baada ya kampeni, alikuwa Honi.

Mwaka ninaotaka kuueleza, mkutano wa kufungua kampeni ulifanyika sokoni. Mzee Daraja akamaliza kuhutubia, akauliza kama kuna swali. Shangazi akanyoosha mkono. Alikuwa bado na kipimo cha kushonea shingoni, alikuwa ametoka kumpima mteja. Honi mwenyewe ndiye aliyempelekea maiki.

"Mheshimiwa," Shangazi akasema, "sokoni hapa wanawake wanauza tangu alfajiri mpaka jioni. Choo kiko wapi?"

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Wanaume wakatazama chini. Mzee Daraja akatabasamu, akamwonyesha Honi kwa ishara arudishe maiki.

"Mama, mimi nazungumzia daraja, wewe unanirudisha chooni! Ukikitaka sana hicho choo, chukua fomu ugombee."

Watu wakaangua kicheko. Na Honi, pale alipo, maiki mkononi, naye akacheka. Kicheko chake kikaingia mle ndani ya maiki, kikapanda kwenye gari, kikatokea juu kwenye vipaza sauti, kikaenea soko zima na mitaa ya nyuma. Shangazi akaketi. Nilikuwa pembeni yake. Alikivua kile kipimo shingoni, akawa anakikunja na kukikunjua.

Jioni aliandaa chakula kama kawaida. Honi akanawa, akakaa.

"Umecheka vizuri leo," Shangazi akamwambia. "Nilikusikia mpaka nyuma ya soko."

"Ah, Fundi. Nilicheka tu. Kwani si watu wote walicheka?"

"Watu wote hawana kipaza sauti."

Honi akarudisha mkono wake kutoka kwenye sahani. Mimi nikajifanya natafuta chumvi.

"Kesho nachukua fomu," Shangazi akasema.

Nilidhani ni hasira, zitapoa kukikucha. Hazikupoa. Kulipokucha alivaa gauni lake la bluu, lile la harusi za watu, akaenda kwa miguu mpaka ofisi ya msimamizi wa uchaguzi. Aliporudi alikuta Honi amekaa kwenye benchi la wateja, amejishika kichwa.

"Sasa mimi nifanye nini?" Honi akauliza. "Nimeshampa mzee neno langu. Gari lake liko hapo nje, nimeshafunga vipaza sauti."

"Basi lishike neno lako. Mwanamume anayemwacha mwenzake katikati ya njia, mimi ataniacha lini?" Shangazi akakaa kwenye mashine. "Ila usinitukane. Na chakula cha mchana kipo saa zile zile."

Nyie, miezi ile! Asubuhi wanatoka pamoja mlangoni: Honi anapanda gari la Mzee Daraja, Shangazi anaelekea sokoni na wanawake wake. Mchana Honi anarudi kula anaikuta sebule imejaa wauza mboga na wasusi wanapanga mitaa ya kutembelea. Akiingia tu, kimya. Anasalimia, wanaitikia kwa adabu zote. Anachukua sahani yake, anakwenda uani, anafungulia redio kwa sauti ya juu kabisa asije akasikia siri za kambi ya adui. Nilimkuta siku moja anakula huku ameelekea ukuta.

Akifika mtaa wetu na gari, alikuwa anazima. Mitaa yote anaunguruma, Daraja, Daraja, akikata kona ya kwetu unasikia injini peke yake. Wapambe wa mzee wakamjia juu: "Mbona mtaa huu unapita kimya kama umebeba maiti?"

"Betri," Honi akawajibu. "Mtaa huu betri inachoka, sijui kuna nini."

Mji ukacheka mpaka ukatoa machozi. Lakini nyumbani hapakuwa na mchezo wote huo. Kuna wakati nilimsikia Shangazi chumbani akisema, kwa sauti ya chini, "Wananiuliza kama mume wangu mwenyewe haniamini, wao waniamini vipi." Kitanda kililia, mtu akigeuka upande wa pili.

Siku ya kura nilikuwa wakala wa Shangazi kituoni, darasa la shule ya msingi, tumepangwa kwenye viti vya watoto magoti yakigusa kidevu. Honi aliingia kavaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka. Pasi ile niliijua ya mkono wa nani. Akachukua karatasi yake, akaingia nyuma ya pazia, akakaa. Akakaa tena. Karani akakohoa. Foleni ikaanza kunong'ona. Alipotoka uso ulikuwa umelowa jasho. Akatumbukiza kura, akachovya kidole kwenye wino, akatoka bila kumtazama mtu, hata mimi.

Matokeo yalisomwa kesho yake mchana kwenye ngazi za ukumbi wa halmashauri. Msimamizi alikuwa na mafua, sauti imemkauka kabisa. Akatazama huku na huku, akamwona Honi, akampa karatasi asome. Nadhani hakufikiria. Uwanja mzima ukanyamaza kwa sababu sisi wote tulifikiria.

Honi akasoma. Mzee Daraja amepata kura kadha wa kadha, ameshinda. Vigelegele, honi za malori. Akangoja watulie. Akasoma jina la Shangazi, majina yake yote matatu, yale ambayo mji ulikuwa haujawahi kuyasikia yakitajwa pamoja, akasoma na kura zake. Zilikuwa nyingi kuliko tulivyothubutu kutumaini. Karatasi ilikuwa imeishia hapo. Yeye akaendelea.

"Na kura zote hizi, ndugu zangu, amezipata mtu aliyeuliza swali moja tu. Mimi nilimcheka kwa kipaza sauti. Kwa kipaza sauti hiki hiki namwomba radhi."

Msimamizi akamnyang'anya maiki. Mzee Daraja, hilo nitamsifu nalo, alikuwa wa kwanza kupiga makofi, ingawa tangu siku ile hakumwita tena Honi kwenye kazi.

Shangazi alirudi kwenye mashine yake asubuhi iliyofuata. Kulikuwa na sare za shule zimelala tangu kampeni zianze. Honi akaleta kiti, akakaa karibu, akawa anamwokotea vifungo vilivyoanguka.

"Nikuulize," Shangazi akasema bila kuinua macho. "Mle nyuma ya pazia, ulimpigia nani?"

"Mimi mzee nilimwahidi sauti yangu," Honi akasema. "Kura hakuniomba."

Shangazi alicheka mpaka ikabidi aondoe mguu kwenye mashine. Mimi nilikuwa dirishani nakunywa chai kabla ya kwenda posta, nikacheka nao, na mpaka leo nikitamani kurudi mahali popote katika maisha yangu, natamani baraza ile, asubuhi ile, vifungo vimezagaa sakafuni.

Uchaguzi uliofuata Honi aliazima pikapu ya muuza mkaa. Vipaza sauti vikawa vinatoa vumbi jeusi kila akianza kuzungumza. Hakuahidi chochote. Alikuwa anasimamisha gari sokoni, anauliza, "Choo kiko wapi?" na wanawake wanamjibu kwa kelele, "Hakipo!" Anawasha gari, anaondoka. Shangazi akashinda.

Mzee Daraja alikuja nyumbani kumpongeza, akakaa kwenye benchi la wateja akitweta, unene ulikuwa umeshamzidi.

"Fundi, umenishinda kwa choo," akasema.

"Ungekijenga mapema, mzee, ningekuwa nakushonea suti ya kuapishwa."

Wakanywa chai, wakawasema Daktari na Mwalimu Mkuu, wakaagana vizuri. Choo kilijengwa kabla mwaka haujaisha, chenye maji na milango ya kufunga. Soko lilipata paa. Daraja, kusema kweli, halikupatikana kwa Shangazi pia, na watu walimsema kama walivyomsema mwenzake. Akiwa hayuko bungeni alikuwa anashona. Ukimtaka mbunge unamkuta barazani ana pini mdomoni, anakusikiliza huku anakupima kwa macho. Alikaa kipindi kimoja tu. Akaja kijana mwenye malori ya muziki na wacheza ngoma, mji ukacheza, na kura zikaenda kulekule. Shangazi alikubali kushindwa siku ileile. Honi alitaka kubishana, sauti ikamkatalia. Ilikuwa imeanza kwisha, inatoka kama upepo kwenye tundu la mlango. Mwisho wake alikuwa ananong'ona tu, na Shangazi ndiye aliyekuwa akiwatafsiria wageni. Honi alipofariki, hakukuwa na mtu mjini wa kutangaza msiba wake kama yeye alivyokuwa akitangaza misiba ya wengine. Watu walipashana habari mlango kwa mlango.

Halafu wakaligawa jimbo. Mpaka ulipita barabara ya sokoni: upande huu jina moja, upande ule jina jingine. Hata lile jina la zamani hawakulibakiza.

Mwaka jana nilimpeleka Shangazi kupiga kura. Amezeeka sasa, anatembea ameshika mkono wangu, lakini gauni alishona mwenyewe. Kituoni binti karani alitazama kadi yake, akatazama uso, akamwambia, "Bibi, pita mbele, usipange foleni." Hakumjua. Shangazi akamshukuru, akapita, akapiga kura yake, akatoka akiangalia wino kidoleni.

Nikamwambia twende, jua linakuwa kali.

"Twende wapi? Tukae hapa kidogo," akasema. "Niwaone watu."

Tukakaa kwenye benchi chini ya dirisha la darasa. Foleni ilikuwa ndefu, vijana wengi, kila mmoja ameinamia simu yake. Shangazi alikuwa anawatazama mmoja mmoja, anataja kwa sauti ndogo huyu mtoto wa nani, yule amechukua miguu ya babu yake, na lile gauni nani kalishona, mbona bega limekaa vibaya. Mwanamke mmoja mtu mzima, muuza nyanya wa siku nyingi, akageuka kwenye foleni, akamwona. Akapiga ukelele.

"Mheshimiwa! Upo?"

Shangazi akanyoosha mgongo, akapunga mkono wenye wino. "Nipo," akasema. "Ukimaliza njoo ukae, unisimulie."

Yule mama akacheka, akasogea hatua moja mbele na foleni yake. Tukamngoja.