Jino Lililosuguliwa

Katika chumba cha nyuma ya kliniki, fundi wa meno ya bandia alikuwa mfalme. Jino lisilong'aa halikutoka mezani pake. "Wewe hata mawe utayapiga msasa," daktari alimtania, naye fundi akavimba kichwa.

Siku binti yake wa miaka tisa alipoanguka kwenye ngazi za kliniki, jino la mbele, la ukubwani, liling'oka zima. Fundi aliliokota. Lilikuwa na vumbi, na mzizini limegandwa na kiutando cha nyama. Akawasha mashine, akalisugua kwa brashi na unga wa kung'arishia mpaka likapendeza. Akalikausha, akalifunga kwenye pamba, ndipo akamshika mwanawe mkono, wakavuka ukumbi.

Daktari aliligeuza jino chini ya taa.

"Nani kalisafisha?"

"Baba!" binti akadakia, mdomo umevimba. "Hakuna anayemfikia!"

Daktari akamvuta fundi kando. "Ndugu yangu, kile kiutando ndicho kilichokuwa hai. Mna seli za shina mle, ndizo zinazoziotesha upya nyuzi za kulishika jino kwenye mfupa. Ungelitia kwenye maziwa tu, kisife, ukaniletea."

"Nilidhani uchafu."

"Kwako kila kitu ni plastiki na plasta, fundi. Utajuaje?"

"Lirudishe hivyo hivyo. Nakuomba."

"Nitalirudisha. Lakini mfupa utautafuna mzizi taratibu. Miaka mitano, tukijaliwa saba."

Likarudishwa, likafungwa kwa waya. Binti akajitazama kwenye kioo. "Baba, limeyashinda yote kung'aa!" Fundi alitaka kucheka, uso ukamkatalia.

Waya ulipotolewa, alimkalisha bintiye mezani pake, akakoroga uji mzito wa kuchukulia umbo la meno.

"Kwani mimi bibi kizee?"

"Fumbua mdomo, mama."

"Sifumbui mpaka uniambie."

Fundi akaweka mwiko chini. "Hilo jino halitakaa. Nililiua mimi, nikilisugua. Nataka umbo lake, siku likitoka nikutengenezee linalofanana nalo."

Binti alimtazama. Akalipapasa jino kwa ulimi, polepole, kama anayelihesabu hilo peke yake. Akafumbua mdomo.

Fundi akautia uji mdomoni, ukaganda upesi. Akaendelea kukishikilia kidevu cha mwanawe, hajui atoe mkono saa ngapi.