Ubao Ulionyooshwa

Panzi, aliyepewa jina hilo kwa kuruka kwake, alipouona ubao wake wa magurudumu juu ya meza ya babake karakanani, aliukimbilia. Ncha mbili za ubao zilizoinuka, ya mbele na ya nyuma, hazikuwepo. Zilikuwa chini, katikati ya maranda, msumeno ukiwa kando.

"Nimekunyooshea," alisema babake, seremala, uso umejaa fahari. "Ulikuwa umepinda huku na huku. Utaendaje na ubao mbovu mbele za watu, na mimi babako ni mzima?"

Miaka thelathini mzee huyu hakuwahi kuvumilia ubao uliopinda. Ukipinda tu, utakiona cha mtema kuni.

"Baba! Zile ncha ndizo za kurukia! Mashindano ni leo saa tisa!"

"Kuruka nini? Mnadhani mchezo huu mmeuzaa nyinyi? Sisi tulikata viatu vya magurudumu, tukavipigilia chini ya ubao. Ubao bapa! Tukateremka kilima chote, mtaa mzima umetoka kutazama. Hakuna aliyeruka."

Habari hiyo Panzi alikuwa ameisikia mpaka masikio yamechoka. Alitamani kupiga mayowe. Siku hizi nusu ya mji inacheza, na leo wanachaguliwa watano tu wa timu ya mji. Mwaka mzima amechubuka magoti kwa ajili ya mruko mmoja, na ubao mwingine hana.

"Basi panda wewe," alisema, akausukumia nje.

Seremala akapanda, aproni kiunoni, penseli sikioni. Akateremka njia ya karakana vizuri ajabu, magoti ameyakunja, hata Panzi na hasira zake akajikuta anatazama.

"Haya, ruka! Kanyaga nyuma!"

Mzee akakanyaga. Mguu ukakuta hewa. Puu! Chali.

Alikaa palepale kwenye lami, akipapasa mahali alipopitisha msumeno.

"Kwani walipapinda makusudi?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimekata."

Aliinuka, akarudi na ubao karakanani akichechemea, akaokota vile vipande viwili, akavipaka gundi, akavibana mahali pake kwa jiliwa, kibanio chake cha chuma. Panzi alitazama saa ya ukutani: saa nane kasorobo.

"Gundi hiyo inakauka saa ngapi, baba?"

Babake aliendelea kukaza jiliwa, ingawa ilikuwa imekwisha kukazwa.

"Kesho asubuhi," alisema.