Kupe wa Miguu Saba

"Mimi kupe hawaniumi," Syombua alikuwa akitangaza soko zima la Masii, mpaka wauza ndengu wakachoka naye. "Wakinusa damu yangu wanageuza. Wananiheshimu."

Kwa domo hilo hilo alipata kazi kwa watafiti waliokuja kutafuta kupe waliozaliwa na kasoro: mguu pungufu, mgongo uliopinda, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Kazi yenyewe ilikuwa kukokota kitambaa cheupe nyasini, kisha kuokota kila kupe aliyenasa na kumtumbukiza kwenye chupa ya spiriti. Wiki tatu, kupe elfu moja, na wote miguu minane kamili, kama askari wa gwaride.

Jumatano Syombua akaja na kupe wake. Mkubwa, miguu ya madoadoa. Kulia minne, kushoto mitatu.

Daktari Wambugu, mkuu wa utafiti, akamtazama kupe kwenye hadubini, kisha akamtazama Syombua.

"Huyu umemng'oa mguu."

"Nimng'oe wa nini, daktari? Nataka kupika supu?"

"Watu hupenda kuonekana. Munyao, mwenzenu, aliniletea wa miguu sita aliyemnyofoa mwenyewe. Leo Munyao yuko wapi?"

"Kwao Katangi."

"Basi."

Waokotaji wenzake wakaangalia viatu vyao. Syombua hakuangalia viatu. Alifunika chupa yake kwa kiganja.

"Mimi siendi popote. Ulitufundisha wewe mwenyewe: mguu ukikatika unaacha kisiki, ama shimo. Hebu nionyeshe shimo."

Daktari akainama tena. Akakawia huko. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa laini, na ile miguu mitatu imejipanga vizuri, imegawana nafasi kama haikuwahi kuwa na wa nne.

"Shimo sioni," akakubali shingo upande. "Lakini niko na sheria yangu. Nani mwingine alimwona kabla hajaingia kwa chupa?"

"Hakuna. Nilikuwa peke yangu, nyasini huko mlimani. Na kosa ambalo sijafanya silikubali. Ukinifukuza, tunaenda na kupe wangu."

"Nyasi gani?"

Wote wakageuka. Mlangoni alisimama nyanyake Syombua, Mbithe, na bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, alilomletea mjukuu.

"Susu, tafadhali..." Syombua akamsihi nyanyake.

"Si ni huyu wa kwapani? Daktari, nilimtoa mimi jana, kwa kibanio cha nyusi. Msichana akalia mpaka jirani akauliza tunachinja mbuzi wa nani. Nikamwambia, huyu mdudu ni kiwete, ako na miguu saba. Nimechagua ndengu miaka sitini. Macho yangu hayakosei hesabu."

Daktari Wambugu akafungua kalamu, uso mkavu kabisa. "Mahali alipopatikana," akasoma huku akiandika. "Kwapa. La kulia ama la kushoto?"

Kidevu cha Syombua kilikuwa bado juu.

"La kushoto. Na aliyewahi kuniuma ni huyo mmoja tu."

"Huyo ni wa nne," akasema Susu.