Shimu ya Nne

Difu ya lori la pareto, yale magia yanayozungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imevunjika meno mara mbili mwaka huo wa 1957, na mzungu mwenye shamba kule Bahati alimwambia dereva wake, Kosgei, maneno machache tu: ikilia tena, utarudi kwenu kuchunga. Ndiyo maana Kosgei alikuwa amekalia debe ndani ya gereji moja ya Nakuru tangu asubuhi, akiitazama mikono ya fundi kama askari anayelinda mahabusu.

Fundi aliitwa Obura, na mikono yake ilifanya mambo ya kutiliwa shaka. Ilitoa shimu nne, vile vibati vyembamba vya duara vinavyokaa nyuma ya pinioni, gia ndogo inayozungusha ile kubwa. Ikafunga pinioni mpya na shimu hizo hizo, ikapaka rangi nyekundu meno ya gia kubwa, ikazungusha. Obura akachungulia, akaguna, akafungua yote. Mara ya pili akarudisha shimu tatu.

"Na ya nne?" Kosgei akauliza.

"Imestaafu."

"Fundi, shambani kwetu kilichotoka kinarudi. Karani wa stoo anahesabu hata misumari iliyopinda."

"Basi mpelekee salamu zangu, na shimu yake."

Kosgei hakucheka. Shimu imebaki nje, na meno yamepakwa rangi. Si huyu ameuza gia mpya, sasa anaremba za zamani? Obura alipotoka kuchukua chai, Kosgei alivua shati akasugua rangi yote, akitafuta ufa. Ufa hakuuona. Alichokiona ni shati lake, limekuwa kama la mchinjaji.

Obura akarudi na vikombe viwili. "Meno umeyaosha uso? Yanaenda kanisani?"

"Nilitaka kuona kama yana ufa."

"Shika brashi. Paka mwenyewe."

Kosgei akapaka, akazungusha. Pale pinioni ilipouma, rangi ilibanduka, ikaacha alama katikati ya jino.

"Sasa turudishe ile unayoililia," Obura akasema.

Kwa shimu nne pinioni ilisukumwa ndani mno. Alama ikashuka hadi kwenye shina la jino.

"Hii gia si ile iliyotoka, mzee. Kila moja na vipimo vyake. Ukiilazimisha hivi, itakulilia njia nzima, halafu itavunjika."

Kosgei aliitazama tena ile alama. Kazi ilikuwa yake, si ya karani. "Tatu," akasema. "Lakini utapanda na mimi."

Alasiri lori likapanda kuelekea Bahati na magunia ya mbolea, kichwa cha Kosgei nje ya dirisha. Obura akaanza kupiga mluzi.

"Nyamaza! Nasikiliza difu."

"Unasikia nini?"

"Hakuna kitu."

"Basi hicho ndicho nilichofunga."

Kosgei alimtazama kwa jicho la pembeni, akarudisha sikio dirishani. Zilikuwa zimebaki maili nne, zote za kupanda.