Jiwe Moja Tu

Watoto wa Mama Chuya walikuwa na wimbo mmoja: "Mama, wewe kaa tu." Akiinuka kuchota maji, kaa tu. Akishika ufagio, kaa tu. Tangu macho yake yaanze kuingia ukungu, mama huyu aliyefanya kazi miaka thelathini na moja bila kukosa siku alikuwa anakalishwa kitako kama mgonjwa wa kuhesabiwa siku, na alikuwa amechoka nao wote wawili.

Jina lenyewe alilipata kazini. Alikuwa mchambuaji kwenye ghala la nafaka, na chuya ni zile punje za mpunga zinazojificha na maganda yake katikati ya mchele. Wenzake walidai chuya ikimwona yeye inajitoa yenyewe kwenye ungo. Magunia yaliyopita mikononi mwake hayakuwahi kurudishwa na mteja, hata moja.

Ugomvi ulianza Jumapili, alipotia chumvi kwenye chai badala ya sukari. Kifungua mimba wake alipiga funda moja, akaweka kikombe chini. Yeye alikuwa mpimaji wa viwanja, mtu aliyezoea kuchomeka vigingi na watu wakahama.

"Mama, inatosha," alisema. "Daktari ameshasema ni mtoto wa jicho, na foleni ya upasuaji ni miezi minane. Jumamosi tunakuja na gari kukuchukua. Nyumba hii tutaweka mpangaji. Ukipona utarudi."

"Nikirudi, huyo mpangaji atakwenda wapi?"

Mpimaji akakohoa.

"Nimezaa wawili," alisema Mama Chuya, "na sasa nina huyu mtoto wa jicho. Naona yeye ndiye mwenye adabu. Hajanifukuza kwangu."

Kitinda mimba wake, nesi, aliangalia dirishani akijizuia kucheka. Mkwewe, mke wa mpimaji, alimshika mama mkono kwa upole. Mkwe huyo hakuwa mtu mbaya. Nyumbani kwao kulikuwa na chumba safi chenye kitanda kizuri, na ndicho hasa alichokiogopa Mama Chuya: chumba safi, kitanda kizuri, na mtu wa kumletea chakula kwenye sinia hadi siku ya kufa. Hapa kwake alijua hatua saba kutoka kitandani hadi jikoni, na tatu kutoka jikoni hadi uani. Huko kwao angejua nini?

Akapiga moyo konde. "Sawa. Jumamosi njooni na gari lenu. Lakini mtakula kwanza. Nitapika supu ya maharage, choroko, dengu na ngano nzima, na nitachambua mwenyewe, bila jicho la mtu. Mkikuta jiwe, jiwe moja tu, nafunga virago na kuingia garini bila neno. Msipolikuta, habari ya kuhama isitajwe tena humu ndani."

"Mama, tusifanyiane utoto," alisema mpimaji.

"Nusu kilo ya dengu tu ina punje karibu elfu kumi, Mama," alisema mkwe, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu na hakuweza kujizuia. "Elfu kumi."

"Nitazisalimia zote."

Basi wakakubaliana. Ila mpimaji, kabla ya kuondoka, aliufungua mtungi wa gesi akaupakia kwenye gari, eti kwa usalama. Mama Chuya alisimama mlangoni akamwambia maneno ambayo mama mwenye heshima hayasemi mbele ya majirani. Kisha akaenda kwa jirani yake, fundi viatu, akaazima jiko la mkaa.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, alitandika mkeka uani, akaketi na ungo mapajani na sahani ya bati pembeni. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kufumba macho. Macho yalikuwa yanamdanganya siku hizi, yanamwonyesha vivuli na kumwambia ni vitu. Alichota konzi moja, akaitandaza kwa kiganja mpaka punje zikalala safu moja, akaanza kuzipitia kwa vidole vitatu. Punje ina mgongo laini na inateleza. Jiwe ni la baridi na linang'ang'ania ngozi. Kila alichokitilia shaka alikidondosha kwenye sahani akasikiliza: punje ilisema "tu", jiwe lilisema "ti".

Maharage yalikuwa mchezo. Ngano ilikuwa na takataka lakini haikumsumbua. Choroko alizipitia mara mbili. Zilipofika dengu, mgongo ukaanza kumuuma, kwa sababu changarawe na dengu zilikuwa na umbo moja kama pacha, na vidole vyake navyo havikuwa vya kijana tena. Alipitia mara tatu. Alipata changarawe kumi na nne, na kila ti iliyolia kwenye sahani ilimpa furaha na hofu kwa pamoja. Kama mawe aliyapata kumi na manne, nani angemwambia hakuna la kumi na tano?

"Liwepo basi," alisema kwa sauti, peke yake pale uani. "Liwepo tuone."

Akapitia mara ya nne.

Maharage na ngano vililala kwenye maji. Asubuhi alivibandika kwanza, kwa sababu ndivyo vigumu. Nyanya na chumvi aliviweka mbali kabisa, maana ukivitia mapema maharage yanagoma, unaweza kuchochea mpaka ukazeeka. Choroko zikafuata, dengu baadaye. Kitunguu, karoti, vitunguu saumu na binzari nyembamba alivikaanga kwenye kikaango hadi harufu ikamwambia vimeiva, akavimwagia humo. Mwisho nyanya, mwisho kabisa chumvi, na safari hii aliionja kwenye ncha ya ulimi kabla ya kuitia. Supu ikawa nzito, mwiko unasimama. Hakuungua hata kidole.

Walifika saa saba. Aliwasikia wakifungua na kufunga buti la gari, wakilipanga. Mpimaji aliingia na maboksi matupu mawili, akayaegemeza ukutani pale ambapo hata mtu asiyeona vizuri angeyaona.

"Karibuni mezani," alisema Mama Chuya. Akapakua mabakuli manne bila kumwaga tone.

Wakala. Kila mtu alitafuna polepole, kama watu wanaokula samaki mwenye miiba mingi, na Mama Chuya hakugusa bakuli lake. Alikaa amekunja mikono, akisikiliza meno ya watoto wake.

"Tamu," alisema nesi.

"Ni tamu, kweli," alisema mkwe.

Ndipo mdomoni mwa mpimaji kitu kikalia: kru.

Wote walisikia. Mpimaji alitema kitu kiganjani, akakitazama. "Jiwe, Mama," alisema, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote. Hilo Mama Chuya alilisikia vilevile, na lilimuuma zaidi kuliko kama mwanawe angecheka.

"Nipe."

Akakipokea. Akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakidondosha kwenye sahani, akakisikiliza. Akakiokota tena.

"Pitisha ulimi kwenye magego," alisema.

"Mama, tafadhali, tulikubaliana—"

"Pitisha ulimi, nimekwambia!"

Mpimaji akapitisha ulimi. Ukafika nyuma, upande wa kulia, ukasimama. Mkwe aliwasha tochi ya simu, akachungulia kinywani mwa mumewe. "Kuna shimo," alisema. "Kiziba cha jino kimetoka. Kile ulichowekewa mwaka jana."

Nesi aliangua kicheko mpaka akashika meza.

"Una macho mawili mazima," alisema Mama Chuya, "na unashindwa kujua jino lako na jiwe langu. Halafu mimi ndiye wa kuhamishwa!"

Mpimaji aliona haya. Alikula hadi akafika chini ya bakuli, akalifuta kwa mkate. Mkwe akamaliza. Nesi akamaliza. Mpimaji akainuka, akayakanyaga maboksi yale moja baada ya jingine mpaka yakalala bapa.

"Mtungi nitaurudisha leo hii," alisema. "Hakuna anayehama."

Machozi yalimlenga Mama Chuya, lakini hakuwapa faida ya kuyaona. Aliinamia bakuli lake, maana ghafla alihisi njaa ya siku mbili. Kijiko cha kwanza kilimwenda vizuri. Cha pili pia. Kwenye kijiko cha tatu, chini ya gego la kushoto, kikalia kisauti kidogo sana.

Halikuwa jino. Alilizungusha kwa ulimi, akalijua mara moja: changarawe, pembe tatu, baridi hata ndani ya supu ya moto. La kumi na tano. Mwanawe alikuwa bado anahangaika na maboksi, mkwe anakusanya mabakuli.

Lakini alikuwa amesema *mkikuta*. Ninyi, mkikuta. Hakuwa amesema nikikuta, na lugha aliijua.

Akasukumia kijiko kingine cha supu, akanyoosha shingo, akameza.

Alipoinua uso, nesi alikuwa ameacha kucheka, anamtazama.

"Mama, umemeza nini?"

"Supu," alisema Mama Chuya.