Boti ya Ma Evodia

Jumamosi asubuhi Evodia Kokwijuka alitoka kumwaga maji ya kuoshea vyombo, akaikuta boti yake mpya imelala uani, kati ya jiko la nje na migomba. Pua yake ilikuwa imeingia chini ya kamba ya nguo na kubeba shati la mumewe. Maji ya ziwa yalikuwa bado yanachuruzika ubavuni, na furu wawili, samaki wadogo wa ziwani, walikuwa wakirukaruka kwenye nyasi. Evodia aliwaokota furu, akawatia kwenye bakuli, kisha akaenda kumwamsha mumewe.

"Baba Kahigi, boti imekuja nyumbani."

Projestus alitoka amejifunga taulo. Aliizunguka boti, akalitoa shati lake, akalikung'uta. Jana yake walikuwa wameiacha ziwani, kwenye mwalo wa Nyamukazi zinapoegeshwa boti, na kutoka huko hadi kwao Kahororo lazima mtu apite barabara ya lami na apandishe mlima. Geti lao la chuma lilikuwa limeng'olewa kwenye bawaba na kuegemezwa ukutani, halina hata mkwaruzo.

"Angalau ina adabu," alisema Projestus.

Aliyekasirika ni jirani yao Benadetha peke yake. Boti ilikuwa imepita juu ya maharage yake. Hakuuliza imefikaje. Aliuliza kama itakuwa inapita hapo kila siku, ili ajue maharage ayahamishie wapi.

Boti hiyo Evodia aliinunua kwa pesa za senene, wale panzi wa kuliwa. Kila msimu aliwatega kwa taa kali na mabati, akawanyonyoa mbawa, akawakaanga na kuwapeleka Dar es Salaam, ambako Wahaya wenye kazi nzuri huwasubiri kwa hamu kuliko wanavyosubiri wageni. Enzi za bibi yake, wanawake ndio waliowakusanya senene, wakawasafisha, wakawapika na kuwaandalia wanaume, na kwao kuwaonja ilikuwa mwiko. Evodia huonja kila sufuria, hata akiwa ameshiba.

Watu wenye nia njema walimshauri anunue basi dogo au ajenge vyumba vya kupangisha. Yeye alikulia Nshamba, kwenye migomba na kahawa, ambako ziwa ni habari ya mbali, na tangu utoto alitaka boti yenye vitanda, na yenye jiko lenye dirisha, ili mtu amenye ndizi huku kisiwa kinapita. Alimwonyesha picha kwenye simu fundi Machibya, Msukuma aliyehamia mwalo mmoja wa Muleba. Zilikuwa boti za matajiri wa ng'ambo, zilizoundwa kwa mfano wa meli ndogo za kuvulia samaki: pana, nzito, zenye nyumba juu. Machibya alizitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Hii si boti ya haraka," alisema.

"Hata mimi sina haraka," alijibu Evodia.

Machibya ana desturi yake. Akiunda boti hupigilia misumari yote, ila hubakiza mmoja karibu na usukani, na huo humwachia mwenye boti. Jioni ya kuamkia makabidhiano, Evodia alikwenda kukagua jiko, na Machibya akampa nyundo bila maneno mengi. Evodia aligonga hadi kichwa cha msumari kikazama kwenye ubao.

Kesho yake wakaja wazee wa ukoo, wakiongozwa na Ta Rugaibula, yaani Mzee Rugaibula, kaka mkubwa wa Projestus. Walikuja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Kahawa ilianzia kwa Rugaibula, ikazunguka wanaume wote, ikamfikia Evodia mwishoni pamoja na kikapu cha kurudisha. Rugaibula alieleza kwa upole kwamba boti ni mali ya nyumba, nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ni Projestus, kwa hiyo msumari wa mwenye boti ataupiga Projestus. Machibya alijikuna kichwa. Alitafuta msumari mwingine, akauelekeza mahali ambapo haukuwa na cha kushika. Projestus aliupiga, akamtazama mkewe na kutabasamu kwa aibu. Kisha fundi wa rangi aliyeletwa na Rugaibula akaandika ubavuni, kwa herufi nyekundu: RUGAIBULA NA NDUGU.

Evodia alitafuna kahawa yake. Ilikuwa chungu kama kawaida.

Mama yake, Gaudensia, aliwahi kuwa na cherehani aliyoinunua mwenyewe. Mumewe alipofariki, siku ya kuanua matanga, shemeji zake waliitoa nje pamoja na viti, kwa sababu ilikuwa ndani ya nyumba ya ndugu yao. Gaudensia alibaki amesimama mlangoni, sindano ingali mkononi, na Evodia alikuwa nyuma yake ameshika gauni lake. Evodia hakuwa anatafuta utajiri. Alitaka tu, Projestus akitangulia, yeye asisimame mlangoni.

Jumamosi ile boti ilipokutwa uani, ilirudishwa ziwani kwa lori. Jumapili asubuhi ilikuwa tena uani. Rugaibula aliagiza ifungwe kwa mnyororo, na Jumatatu mnyororo ulikutwa barazani umekunjwa vizuri. Evodia alipokwenda Nshamba kumwona mama yake na kulala huko, boti nayo ililala Nshamba, katikati ya kahawa, bila kuvunja tawi. Mama Gaudensia aliweka kiganja ubavuni mwake kama anayepima homa ya mtoto.

"Cherehani yangu haikurudi," alisema. "Labda ni kwa sababu walipoondoka nayo nilifunga mlango."

Wazee waliketi tena. Walimwita Machibya, ambaye alisema boti hulala kwa aliyepiga msumari, na kwamba hilo linajulikana.

"Basi ung'oe," alisema Rugaibula.

"Nikiung'oa itavuja, Ta Rugaibula."

Rugaibula alifikiri. Si mtu mbaya. Ndiye aliyemlipia Projestus karo ya sekondari, na kila Krismasi humletea Evodia mbuzi. Hatimaye akasema kwamba boti inalala kwa mwanamke, mwanamke analala kwa mumewe, na mumewe ni wa ukoo, kwa hiyo boti inalala kwenye ukoo na hakuna kilichoharibika. Wazee waliona amenena vyema. Kahawa ikazunguka, ikianzia kwake.

Watu walidhani maandishi yale yatafutika yenyewe. Hayakufutika. Ilikuwa rangi nzuri, na ilishika.

Maisha yakajipanga. Asubuhi Evodia hushuka Nyamukazi na kikapu chake, na huikuta boti imekwisha kutangulia. Projestus hushika usukani, Evodia humenya ndizi dirishani, na visiwa vya Muleba hupita kimoja kimoja kama alivyotaka. Wavuvi huwauzia sato na kuwasalimia "shikamoo nahodha," wakimtazama Projestus. Jioni boti hupandisha mlima, na waendesha bodaboda huipisha kama wanavyopisha ng'ombe. Projestus aliihamisha kamba ya nguo. Alimpandia Benadetha maharage upande wa pili wa uzio. Alitengeneza ngazi ya mbao, na sasa jua likianza kuzama humshika mkewe mkono wakapanda wote juu ya boti, wakanywa chai huku wakilitazama ziwa juu ya mapaa ya majirani. Evodia anampenda sana mume huyu. Hilo ndilo linalomchosha.

Mwaka huu, senene walipoanza kuruka, Projestus aliugua kifua. Alipopata nafuu akataka wapande juu kama kawaida. Alipanda ngazi polepole, Evodia akimsukuma mgongoni, akaketi na kujifunika blanketi.

"Mama Kahigi," alisema, "siku nikiondoka, kaka atakuja na vijana waichukue."

"Atakuja."

"Na mimi sijamwambia kitu."

"Hujamwambia."

Projestus alizungusha kikombe mikononi. Chini yao, upande wa pili, yale maandishi mekundu yalikuwa yanang'aa kwa jua la jioni.

"Nitamwambia kesho," alisema.

Alikuwa amesema hivyo msimu uliopita pia, na alikuwa akimaanisha. Evodia alimvutia blanketi hadi shingoni, akambusu kwenye paji la uso. Kisha akashuka ngazi, akavuka ua mpaka kwenye geti. Alilifungua mabawa yote mawili na kuyasukuma hadi ukutani. Akatafuta jiwe zito, akaliegemeza, akalijaribu geti kwa mguu aone kama upepo unaweza kulifunga. Lilitikisika kidogo. Akaongeza jiwe la pili.