Kurudia Hoja ya Bwana Kimsingi

Asubuhi ile kaka yake Mpinzani alimwacha mteja kitini, kichwa nusu kimenyolewa na nusu bado, akasema anafika duka la jirani mara moja kununua spiriti ya kusafishia mashine. Njia ya miguu ilikuwa imejaa: meza ya muuza vocha, viatu vya mitumba, na benchi la kibanda chake mwenyewe, wateja wamelikalia na kunyoosha miguu. Akashuka barabarani ili awazunguke. Lori likamkuta hapo. Mteja aliendelea kusubiri, taulo shingoni, mpaka kelele zilipomtoa nje.

Tangu siku hiyo Mpinzani hakuwa na wa kubishana naye. Jina hilo alipewa na kaka huyo huyo, maana tangu utotoni mdogo wake angekuambia jua ni baridi ili tu mbishane. Alipojiunga na kozi ya maandalizi ya chuo kikuu, ile ya kuwafunza watu kuandika na kujadiliana kisomi, kaka alitaka asimuliwe kila somo. Moja lilimkaa rohoni: kabla ya kumpinga mtu, rudia hoja yake mpaka mwenyewe akubali, "Ndivyo." Basi ikawa sheria ya kibanda. Watu wakibishana mpira, kaka anazima mashine.

"Kwanza rudia alichosema mwenzako."

"Aa, fundi, huyu kasema upuuzi!"

"Urudie huo upuuzi vizuri. Mwenye wembe ndiye mwenyekiti."

Na nani wa kubisha, kisogo kikiwa mikononi mwa mwenyekiti?

Kozini hapakuwa na watu wa namna hiyo. Palikuwa na mwanafunzi mwenzake, Bwana Kimsingi. Alivaa koti hata jua likiwaka, akachomeka kalamu nne mfukoni asiandike hata neno, na kila sentensi yake ilianza na "kimsingi", wala msingi wenyewe hukuuona, sembuse ukuta. Debe tupu, lakini debe lililopigwa rangi. Hata msibani alikuja, akaomba nafasi ya kusema.

"Kimsingi, kifo tunaweza kukitazama katika sura tatu..."

Mama akamgeukia Mpinzani, bintiye. "Huyu kafunguliwa mlango na nani?"

Sura ya pili hakuifikia.

Mtihani wa mwisho wa kozi ulikuwa mjadala, wawili wawili. Ukianguka, nafasi yako ya chuo imekwenda na maji. Mwalimu, mama mmoja mkavu asiyecheka bure, akampanga Mpinzani na nani? Na huyo huyo. Mada: vibanda vya kando ya barabara viondolewe au vibaki.

Bwana Kimsingi akavuta koti, akakohoa kama spika wa bunge.

"Kimsingi, tukiitazama taswira ya mji katika muktadha mpana, njia ya waenda kwa miguu ni mali ya umma. Kibanda kikikaa juu yake, mpitaji anasukumiwa kwenye magari. Kimsingi, viondolewe."

Zamu ya Mpinzani kurudia.

"Mwenzangu anasema maskini wanamchafulia taswira yake, kwa hiyo watupwe asikowaona."

Darasa likaangua kicheko.

"Sivyo," akasema Bwana Kimsingi.

"Kweli, sivyo," akasema mwalimu bila kuinua macho. "Umemcheka, hukumrudia. Jaribu tena, na ni mara ya mwisho."

Mpinzani akamtazama mwenzake, koti na kalamu zake nne. Dharau ilimjaa kinywani kama mate ya kutema. Yaani huyu ndiye wa kumfungia mlango wa chuo? Kisha ikawa kama amesikia mashine ikizimwa. Urudie huo upuuzi vizuri. Akaubambua ganda baada ya ganda, muktadha, taswira, kimsingi, na ndani akakuta kitu ambacho hakikuwa upuuzi.

"Anasema njia ni ya wote," akaanza taratibu. "Mmoja anaweka meza, mwingine viatu, mwingine benchi. Hakuna aliyeiziba peke yake. Lakini anayepita inabidi ashuke barabarani." Akaongeza: "Hata mwenye benchi anashuka."



"Ndivyo," akasema Bwana Kimsingi, bila kutanguliza chochote.

Mpinzani akatoa hoja yake: viondolewe, sawa, ila wenyewe waonyeshwe kwanza pa kwenda, maana kibanda kimoja kinalisha nyumba nzima.

"Kimsingi," akarudia mwenzake, "mwenzangu ana huzuni, na huzuni..."

"Sivyo."

"Mwenzangu anapendekeza uchumi jumuishi..."

"Sivyo! Nimesema watu wapate kula!"

Mwalimu akagonga meza. Muda umekwisha.

Wote wawili walifaulu. Bwana Kimsingi ndiye aliyepata alama za juu, kwa kujiamini.

"Kujiamini!" Mpinzani alimwambia mama. "Hata jogoo anajiamini, na anachojua ni kuwika tu."

Kesho yake alikwenda kibandani. Kinyozi mpya, mtoto wa mama yao mdogo, alimkuta akiliburuta benchi.

"Dada, unalipeleka wapi?"

"Ndani."

"Humo hata kiwiko hakipiti! Wateja watakaa wapi?"

"Wasimame."

Benchi liko ndani mpaka leo. Wateja wamepungua kidogo, na wanaosubiri husubiri wamesimama, migongo ukutani.